e2fsck kwenye kompyuta ya RAM megabaiti 512: kazi inamaliza, ukiipa pa kuhemea

Kwenye meza za mafundi wa Mwanjelwa na Kabwe jijini Mbeya kuna sentensi mteja anaisikia haraka mno: "Diski imekufa, hapa ni kupiga fomati." Diski nyingine kati ya hizo hazijafa. Kilichokufa ni programu ya kuikagua, ambayo imeuawa katikati ya kazi kwa sababu kompyuta imeishiwa RAM. Fomati inafuta mauzo ya mwaka mzima kwa kosa ambalo lingetibiwa kwa flashi moja na uvumilivu wa usiku mmoja.

Tunayemtathmini hapa ni e2fsck, mkaguzi wa mifumo ya mafaili ya ext2, ext3 na ext4, yaani mipangilio ambayo Linux hutumia kuhifadhi mafaili diskini. Anakuja ndani ya kifurushi cha e2fsprogs kinachosimamiwa na Theodore Ts'o, ni bure, na karibu kila Linux inakuja naye. Tumempima kwa hali moja tu: kompyuta kuukuu ya RAM megabaiti 512 au chini ya hapo, za aina inayotunza hesabu za stationery Mafiati, risiti za mashine ya kukoboa mpunga Igurusi au orodha ya wakulima kwenye ofisi ya AMCOS (chama cha ushirika) ya kahawa Mbozi. Hukumu yetu tunaitoa mapema: kwa mashine ya namna hiyo hakuna mkaguzi tunayemwamini zaidi. Ila akitoka kiwandani amepangwa kwa kudhani RAM ipo, dawa ya RAM ndogo imefichwa kwenye faili ambalo wengi hawajawahi kulifungua, na ujumbe anaoutoa akishindwa haumsaidii mtu asiyemjua.

Kwanza daftari la mfumo wa mafaili, linaloitwa journal kwa Kiingereza. Ext3 iliingia kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux 2.4.15 mwaka 2001, na ext4 ikatangazwa kuwa imara kwenye 2.6.28, Desemba 2008. Zote mbili hufanya kama muuza duka makini: kabla ya kugusa rafu, zinaandika daftarini zinachotaka kubadilisha. Kwa kawaida daftari linafungwa kila baada ya sekunde 5. Umeme ukikatika, kompyuta ikiwaka tena inasoma daftari, inamalizia yaliyokwisha kuandikwa kikamilifu, inaacha yaliyoishia njiani. Kazi hiyo huchukua sekunde chache, na RAM haina neno hapo.

Tabu inaanza pale ambapo daftari haliwezi kusaidia. Linakinga kazi iliyokatika, halikingi uongo. Diski ikisema "nimeshaandika" wakati data bado iko kwenye kache yake (kumbukumbu yake ya muda), daftari linakuwa na mpangilio usio wa kweli. RAM mbovu ikigeuza biti moja, daftari litaandika kosa hilo kwa uaminifu kabisa. Na pale ambapo mota kubwa ya kinu ikiwashwa taa zote za mtaa zinafifia, pawasaplai kuukuu inaweza kuiangusha diski ikiwa katikati ya kuandika bila kompyuta yenyewe kuzima. Radi za Tukuyu na Rungwe kuanzia Novemba nazo zina sehemu yake. Ndiyo maana mashine yenye daftari bado inahitaji ukaguzi kamili siku moja moja.

Dalili inaonekana hivi kwenye dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli:

Aborting journal on device sda2-8
EXT4-fs (sda2): Remounting filesystem read-only

Ile 8 ya mwisho si namba ya patisheni (sehemu ya diski). Ni inodi namba 8 (inodi ni kadi ya maelezo ya faili), mahali daftari linapokaa ndani ya ext3 na ext4. Ujumbe huu maana yake kerneli imegundua jambo lisiloeleweka, imefunga daftari, na imezuia uandishi ili isiharibu zaidi. Programu ya mauzo itaanza kugoma kuhifadhi. Usiizime na kuiwasha mara tatu ukitumaini itapona. Kila kuwasha ni nafasi nyingine ya kuandika juu ya kidonda.

Kabla ya e2fsck kuna mambo mawili ambayo mafundi wengi wanayaruka, na kuyaruka ndiko kunakoipa programu hii sifa mbaya isiyostahili. La kwanza ni smartctl -a /dev/sda, amri inayosoma afya ya diski. Angalia mstari wa 5, sekta zilizohamishwa, na wa 197, sekta zinazosubiri uamuzi. Namba ya 197 ikiwa si sifuri, na hasa ikiwa inapanda kila ukiangalia, usikarabati diski hiyo. Nakili kwanza kwa ddrescue kwenda diski nyingine, kisha karabati nakala. Mstari wa 199 ukipanda mara nyingi ni kebo ya SATA, badilisha kebo. La pili ni Memtest86+, kipimo cha RAM, kutoka kwenye flashi, angalau mizunguko miwili kamili. Kwa megabaiti 512 haichukui muda mrefu. Mkaguzi anayefanya kazi juu ya RAM mbovu anasahihisha vitu vizima na kuviharibu, na atakuambia amefanikiwa.

Kama data ndiyo unayoihitaji kuliko mashine, ichukue sasa:

mount -o ro,noload /dev/sda2 /mnt

Hiyo noload inazuia daftari lisisomwe, kwa hiyo hakuna hata baiti moja inayoandikwa. Mafaili ya dakika ya mwisho yanaweza kuwa na kasoro, ila ya jana na juzi unayanakili salama. Baada ya hapo toa patisheni kwa umount, ndipo uendelee. Hatua inayofuata ni e2fsck -E journal_only /dev/sda2, inayosoma daftari tu na kuishia hapo. Baada yake njoo na e2fsck -f -C 0 -tt /dev/sda2. -f inalazimisha ukaguzi hata kama mfumo unajitangaza kuwa msafi, -C 0 inaonyesha mwendo, na -tt inatoa takwimu za kila awamu, zikiwemo za kumbukumbu iliyotumika. Hizo takwimu ndizo rafiki yako leo.

Kuna mtego mmoja unaowaangusha hata wazoefu. Ukiendesha e2fsck -n, ya kuangalia tu bila kugusa, kwenye patisheni ambayo daftari lake halijasomwa, itakuonya kwamba imeruka daftari, kisha itakumwagia makosa ukurasa baada ya ukurasa. Mengi ya hayo si makosa, ni kazi iliyokuwa bado daftarini. Fundi akikuonyesha orodha hiyo kama ushahidi kwamba diski imekwisha, mwulize kwanza kama daftari lilisomwa.

Sasa RAM. Ukaguzi una awamu tano: ya 1 inapita inodi zote na bloku zake (vipande vya diski vinavyobeba data), ya 2 inasoma folda, ya 3 inahakikisha kila folda ina mzazi, ya 4 inahesabu majina ya kila faili, ya 5 inalinganisha muhtasari wa makundi ya bloku. Diski ya gigabaiti 500 iliyofomatiwa kawaida ina inodi moja kwa kila kilobaiti 16, yaani milioni 30 hivi, na bloku za kilobaiti 4 zipatazo milioni 122. Ramani ya biti ya bloku hizo, ikiwekwa wazi, ni megabaiti 15 hivi, na ya inodi ni karibu 4. Ramani kama hizo zinakuwepo kadhaa kwa pamoja, lakini bado megabaiti 512 zinazibeba. Tangu toleo 1.42 la mwaka 2011, ramani zinahifadhiwa kwa mti unaobana sehemu zilizo tupu au zilizojaa mfululizo, kwa hiyo nyingi zinapungua zaidi. Kama mashine yako ina toleo la kabla ya hapo, usihangaike na mengine, pata jipya kwanza.

Mlaji mkubwa yuko kwingine. Faili lenye jina moja tu linawekewa biti moja. Faili lenye majina mawili au zaidi (hard link), na kila folda, linahitaji ingizo lake kamili kwenye orodha. Diski ya nyaraka za kawaida haina shida hapo. Diski ya bakapu iliyotengenezwa kwa rsnapshot, au kwa rsync yenye --link-dest, ina folda zilezile zikirudiwa kila siku na mafaili yenye majina 30 au 60 kila moja. Hapo orodha inavimba mpaka RAM inaisha, kerneli inachagua mchinjwa, na mchinjwa ni e2fsck. Skrini inasema:

Warning... fsck.ext4 for device /dev/sdb1 exited with signal 9.

Ukiona signal 9, fungua dmesg utafute "Out of memory: Killed process". Vikiwepo vyote viwili, diski haijashtakiwa kwa lolote. Awamu ya 1B nayo hula kumbukumbu. Inatokea pale bloku moja inapodaiwa na mafaili mawili, na e2fsck inalazimika kusoma upya kila kitu kutafuta wadai.

Dawa ya ndani, ambayo ndiyo inayoifanya programu hii ishinde wenzake, ni mistari miwili kwenye /etc/e2fsck.conf:

[scratch_files]
directory = /var/cache/e2fsck

Folda hiyo lazima iwepo, iandikike, na iwe kwenye diski tofauti na ile inayokaguliwa. Ikiwepo, orodha ya folda na hesabu ya majina vinahamia kwenye mafaili badala ya RAM. Ukiongeza numdirs_threshold, unaiambia itumie mafaili pale tu folda zinapozidi idadi uliyotaja, ili diski ndogo zisicheleweshwe bure. Bei yake ni muda, na ni muda mrefu kweli. Ukaguzi wa saa moja unaweza kulala hadi asubuhi, kwa sababu kila hesabu sasa ni kuruka ndani ya faili. Anza jioni, funga duka, na mashine iwe kwenye UPS. Kumbuka pia kuna vifurushi vya e2fsprogs vilivyojengwa bila tdb, maktaba inayotunza mafaili hayo, na huko mistari hii haifanyi chochote. Utajua kwa kuangalia folda wakati wa awamu ya 1: ikiwa tupu, haijatumika. Ukiwa unatumia flashi ya kuwashia ambayo hutaki kuigusa /etc yake, weka faili popote na uielekeze kwa E2FSCK_CONFIG.

Tunachokilaumu ni hiki: programu ina njia ya kutokea RAM ikiisha, lakini haimwelekezi mtumiaji kwenye njia hiyo hata kwa sentensi moja. Kwa chombo kinachotumika mtu akiwa ameshika kichwa, huo ni upungufu mkubwa.

Kabla ya kufika kwenye scratch_files, jaribu swapu, yaani nafasi ya diski inayotumika kama RAM ya ziada, maana ni rahisi na mara nyingi inatosha. Chukua diski ya pili au flashi isiyo na kitu, angalia jina lake mara mbili kwa lsblk kwa sababu amri inayofuata inafuta kila kilichomo, kisha mkswap /dev/sdc1 na swapon /dev/sdc1. Gigabaiti 2 zinatosha kuanzia. Kwenye kompyuta ya biti 32 hakuna faida ya kuweka 8, kwa sababu programu moja haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 3 hivi hata swapu ikiwa kubwa kiasi gani. Usiweke swapu kwenye diski inayokaguliwa kama unaweza kuepuka: kichwa kilekile cha diski kitakuwa kinakimbia huku na huko, na kama diski ni dhaifu unaiongezea mzigo. Flashi ya USB 2.0 itafanya kazi kwa kujikokota na itachakaa, lakini flashi ni rahisi kuliko daftari la madeni la wakulima 200.

Na punguza walaji wengine. Usikague ukiwa ndani ya skrini ya madirisha yenye kivinjari. Washa kwa systemd.unit=rescue.target, angalia free -m, uone nafasi iliyorudi. Kwa mashine za biti 32 tumia flashi ya Debian 12, kwa kuwa Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi wala kerneli ya usanifu huo. Kuna jambo dogo ambalo programu inalifanya vizuri bila kuambiwa: kusoma mbele. Kwa kawaida inatanguliza kusoma meza za inodi za makundi mawili, megabaiti 4 hivi, lakini kiasi hicho kikizidi sehemu moja ya hamsini ya RAM inaacha yenyewe. Kwa megabaiti 512 bado inasoma mbele, kwa 128 inaacha. Ukitaka kuizima mwenyewe, ni -E readahead_kb=0. Usiguse kamwe inode_count_fullmap, hiyo ni ya mashine zenye RAM ya kumwaga.

Ushauri ulio bora kuliko yote haya ni wa kimwili. Fungua skrubu nne, toa diski, iunganishe kwa adapta ya SATA kwenda USB kwenye laptopu yenye gigabaiti 4, na ukague huko. Mfumo wa mafaili haujui uko kwenye kompyuta ipi. Mafundi wa Iringa mjini na Mbeya wana adapta hizo mezani. Ni ajabu kumwona mtu anapiga fomati huku imelala pembeni yake.

Kuhusu kujibu maswali ya e2fsck: -p inasahihisha yaliyo salama tu na ikikwama inasema "UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY". -y inakubali kila kitu. Kwa diski yenye data ya maana, -y peke yake hatuipendekezi. Iongezee -z na jina la faili kwenye diski nyingine, mathalani -z /mnt/akiba/sda2.e2undo. Kila bloku inayobadilishwa inahifadhiwa humo kwanza, na e2undo inaweza kuirudisha. Ipo tangu toleo 1.43 na ni zawadi ambayo watu hawaitumii. Superbloku, yaani bloku yenye maelezo makuu ya mfumo wa mafaili, ikiwa imeharibika, nakala zake kwenye bloku za kilobaiti 4 huanzia 32768, kisha 98304 na 163840: e2fsck -b 32768 -B 4096 /dev/sda2. Kazi ikiisha, soma echo $?. Jibu 0 ni safi, 1 imesahihishwa, 2 imesahihishwa na uwashe upya, 4 makosa yamebaki, 8 programu yenyewe ilikwama. Fundi anayekuambia "imekubali" bila kuisoma namba hiyo hajamaliza.

Tukilinganisha na wengine: xfs_repair, mkaguzi wa mfumo wa XFS, ina -m ya kuweka kikomo cha megabaiti, lakini mwongozo wake wenyewe unakiri ni makadirio na inaweza kuzidi. Ukiendesha xfs_repair -n -vv -m 1 utaambiwa inahitaji kiasi gani, na kwenye diski kubwa jibu linaweza kuishinda mashine ndogo. Daftari la XFS linasomwa kwa kupachika (mount) kisha kutoa (umount). -L inalifuta, na fundi anayeanza na -L anatupa data yako. JFS ni nyepesi ila haina wafuasi. ReiserFS imeondolewa kwenye kerneli 6.13, basi kama bado ipo kwenye mashine ya zamani, hamisha data wiki hii. Kwa NTFS, ntfsfix si mkaguzi, peleka diski kwenye Windows ifanyiwe chkdsk.

Unapofomati upya diski ya mashine ndogo, fikiria ukaguzi wa kesho. mkfs.ext4 -i 65536 -J size=32 inapunguza inodi mara nne na kuweka daftari la megabaiti 32. Uwiano wa inodi haubadiliki baadaye, hivyo usiutumie kwa diski ya mafaili madogo madogo mengi. Daftari linabadilika: toa patisheni, tune2fs -O ^has_journal, kagua kwa e2fsck -f, kisha tune2fs -J size=32. Kwa diski kuukuu kwenye umeme unaoyumba tunaongeza hdparm -W0 /dev/sda kuzima kache ya uandishi. Uandishi unapungua kasi, lakini diski haiwezi tena kusema imeandika wakati haijaandika.

Baada ya ukaguzi, angalia lost+found kabla ya kumwambia mtu kwamba faili lake limepotea. Humo mafaili yamepoteza majina na yanaitwa kwa namba ya inodi, kama #131074. Endesha file * ndani ya folda hiyo, nayo itasema lipi ni la LibreOffice, lipi ni picha, lipi ni hifadhidata ya SQLite. Panga kwa ls -lt, faili la mauzo la juzi liko juu. Linakili kwenda flashi, lipe jina lake, lifungue, na ulinganishe mstari wa mwisho na kitabu cha risiti.